Tofali la Mwisho ni la Mama Mwenye Nyumba

Siku ya kwanza ya kazi Fundi hakuja na koleo hata mara moja. Alikuja na ndoo za mchanga uliochekechwa, ubao mrefu, na koti lake zito la kijani ambalo sijawahi kuliona likiwa limefuliwa wala likiwa chafu. Aliusambaza mchanga uani kwa ule ubao, mwembamba kama unga kwenye meza ya chapati, akanywa chai ya watu, akaaga. Ukimuuliza kazi inaanza lini, alikujibu kwamba imeshaanza. Baada ya hapo humwoni siku kadhaa, na wewe umebaki na ua uliotandikwa mchanga na majirani wanaokucheka kwamba umeshalizwa.

Siku hizi Mbulu mjini wapo mafundi wengi wa pevingi, yale matofali ya kutandika uani, vijana wenye mashine za kushindilia na picha za kazi zao kwenye simu. Wakati Fundi anaanza alikuwa na uzi, pima maji, nyundo ya mpira na mdomo. Mdomo ndio ulikuwa haupumziki. Lakini matofali yake yalikuwa hayatitii, na sisi wa huku juu, ambao mvua zikianza tunaingia sebuleni na nusu ya shamba kwenye viatu, tulimvumilia. Mimi nilimvumilia zaidi ya wengine kwa sababu alinifanyia kazi nyumbani kwa mama yangu, kisha shuleni ninakofundisha, na katikati ya hapo aligeuza kibaraza changu kuwa kituo chake cha chai.

Ule mchanga ulikuwa wa kusoma nyayo. Alirudi asubuhi mapema, watu hawajapiga mswaki, akazunguka ua mzima pembenipembeni, mikono nyuma, mgongo umeinama, akiguna. Nyayo zilikopita nyingi, huko ndiko alikoweka njia. Ulikokuwa umemwonyesha wewe mwenye nyumba, kwa kidole, hakukujali.

"Kidole chako nimekiona," alikuwa akisema. "Sasa nimekuja kuona miguu."

Mwenye nyumba mmoja wa Nambis, mzee wa kanisa, alitaka njia nzuri iliyonyooka kutoka getini mpaka mlango wa mbele, yenye maua huku na huku. Fundi akatandika mchanga wake. Aliporudi alikuta mlango wa mbele haujafikiwa hata na kuku. Familia nzima, wageni, wauza mayai na mzee mwenyewe walikuwa wanapitia jikoni, sebule ikiwa imefungwa kwa ufunguo na vitambaa vimetandikwa kwenye makochi kusubiri wageni wa maana. Basi Fundi akaweka njia pana, ya kifahari, kutoka getini mpaka jikoni, na kwa mlango wa mbele akaweka kijia cha kupitisha paka. Mzee alifoka mpaka akakohoa. Halafu wageni wa maana wakaja kweli, viongozi wao wa kanisa, wakashuka kwenye gari, wakafuata njia pana kama watu wenye akili timamu, wakajikuta mbele ya mama aliyejifunga khanga kifuani anasugua sufuria ya ugali. Nasikia walikaa hapohapo jikoni mpaka jioni, penye moto, na hawakutaka kuhamia sebuleni kwenye baridi. Mzee wa kanisa hakuwahi kukiri chochote, lakini sebule siku hizi ina magunia ya mahindi.

Kwa vitu vya kitaalamu Fundi alikuwa mkali na mchoshi. Kabla hajaweka tofali hata moja alimwaga ndoo ya maji uani akayatazama yanaelekea wapi, akiyafuata nyuma. Maji yakikimbilia nyumbani, udongo unachimbwa upya, hata kama mwenye nyumba analia. Changarawe ilishindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake mchanga, juu ya mchanga matofali, pembeni mawe ya kingo ili yasitawanyike, na mwisho mchanga mwingine wa kufagilia kwenye nafasi. Sementi kati ya tofali na tofali alikuwa hataki hata kuisikia. Kila tofali aliligonga kwa nyundo ya mpira, akainamisha shingo, akasikiliza. Likilia vibaya alisema, "Linacheza," akaling'oa kwa hasira kana kwamba limemtukana.

Na alikuwa na mila yake moja, ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote kuanzia Tumati mpaka Katesh. Tofali la mwisho hakuliweka yeye. Aliacha tundu lake, akasimama katikati ya ua, akapaza sauti iliyofika barabarani: "Mama mwenye nyumba! Njoo, tofali lako!" Mama mwenye nyumba alitoka, awe na unga mikononi au mtoto mgongoni, akaliweka mwenyewe, akalikanyaga kwa miguu yote miwili. Kama halichezi, Fundi aliketi, akaletewa chakula, na kazi ikawa imeisha. Wanaume wengine walinuna. Mmoja alidai kwamba nyumba ni yake. Fundi akamwambia afagie yeye basi, kila siku, ndipo wazungumze.

Kwa hiyo lilikuwa jambo la kuchekesha, na baadaye si la kuchekesha sana, kwamba nyumbani kwa Fundi mwenyewe ua ulikuwa wa udongo mtupu, na hapakuwa na mama mwenye nyumba wa kuitwa. Mke wake alikuwa amehamia kwa mtoto wao mkubwa. Nyumba ya mtoto ilikuwa palepale upande wa juu, ukuta wa minyaa katikati na kipenyo cha mtu mmoja. Fundi akisimama mlangoni kwake aliona moshi wa jiko la mkewe. Mji mzima ulikuwa unasubiri kuona nani atafungua mdomo kwanza, na kila mtu alijua kwamba Fundi, ambaye alikuwa na la kusema juu ya kila ua kutoka hapa mpaka Dongobesh, kwa hilo alikuwa hana neno.

Kosa lilikuwa lake, na lilitokana na ule mchanga. Mwaka huo alikuwa ameamua hatimaye kuweka pevingi kwake. Akaleta matofali, akayapanga nyuma ya nyumba, akatandika mchanga kama kawaida. Asubuhi akasoma nyayo za mke wake zinaenda nyuma ya zizi, kila siku, mpaka kwenye uzio, na kurudi. Akavizia. Mkewe alikuwa anampelekea maziwa mdogo wake wa kiume, ambaye Fundi alikuwa amempiga marufuku asikanyage kwake kwa ugomvi wa ndama. Mtu mwingine angenyamaza, au angegomba ndani ya nyumba. Fundi alilipeleka harusini. Alisimama mbele ya watu, kikombe mkononi, akaeleza jinsi alivyogundua barabara ya maziwa nyumbani kwake, akaigiza mkewe anavyonyata na kibuyu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwepo, na nilicheka. Mkewe alikuwa anagawa chakula. Akaliweka bakuli chini, akavua aproni, akaondoka, na kesho yake akahamisha godoro lake.

Wazee walipokwenda kumwomba arudi aliwapa jibu moja tu. "Mimi si mteja wake," alisema.

Kuanzia hapo Fundi akapata tabia mpya iliyowapa watu kazi ya kuieleza. Alifagia. Kila alfajiri, mwanaume mzima na koti lake, aliinama na ufagio wa matawi akafagia ua wake wote mpaka kwenye minyaa, akirudi kinyumenyume. Wengine walisema ni adhabu amejipa. Wengine walisema ukapera umemfundisha usafi. Mimi nilimuuliza siku moja, baada ya shikamoo, kwa nini asimalize tu kuweka zile pevingi zake zilizolala nyuma ya nyumba zikiota ukungu.

"Mwalimu," akaniambia, "mganga hajigangi." Kisha akabadilisha mazungumzo, akanieleza kwamba kibaraza changu kina mteremko wa kijinga.

Hakuacha kusoma nyua za watu wengine, usidhani. Wala hakuwa anapatia kila mara. Kuna mzee mfanyabiashara wa vitenge, kule Katesh, aliyemwita amwekee pevingi ua wa nyuma ya duka. Fundi akasoma alama za buti za mlinzi zinaenda stoo na kurudi, usiku baada ya usiku, akatangaza mbele ya familia yote kwamba mlinzi ni mwizi. Mlinzi maskini akaapa. Mke wa mzee ndiye aliyekumbuka kuchungulia nyuma ya majora ya vitenge, akakuta sahani ya visheti. Daktari alikuwa amemkataza mzee sukari. Mzee alikuwa anasubiri nyumba ilale, anaazima buti za mlinzi aliyezivua na kusinzia, ili hatua zisisikike kama za kandambili zake, anakwenda kula visheti gizani. Mlinzi alitaka kuombwa radhi. Fundi alisema buti zimesema kweli, watu ndio wameazimana. Mke wa mzee alicheka, mzee hakucheka, na mlinzi alikataa kumsalimia Fundi tangu siku hiyo, haki yake kabisa.

Kuomba radhi ndiko kulikomshinda Fundi. Alikuwa anaweza kubeba mawe ya kingo mawili mawili, alikuwa anaweza kubishana na diwani, lakini neno samahani lilikwama kooni kwake kama mwiba wa samaki wa Ziwa Babati. Badala yake alileta kitu. Ukimwona anakuja na kabichi, ujue jana alikukosea. Kwa mkewe alipeleka kabichi, viazi, hata mwana-kondoo. Vyote vilirudishwa kupitia kipenyo, kondoo akiwa amefungwa kamba mpya na ameshiba.

Nyumbani kwa mama yangu alinifanyia jambo ambalo sijaamua mpaka leo kama nimshukuru. Mama na jirani yake walikuwa hawasemeshani. Ng'ombe wa jirani aliingia kwenye maharage, wakarushiana maneno kisimani, na tangu hapo kanisani walikaa mabenchi tofauti na salamu za amani walizipeana kwa kutazama madirisha. Nilimwambia Fundi nataka njia kutoka getini mpaka mlangoni, basi. Akatandika mchanga. Nilirudi Jumamosi nikakuta njia yangu ipo, safi, na njia ya pili inatoka mlango wa jikoni, inazunguka banda la kuku, inanyooka mpaka kwenye minyaa ya jirani na kuishia hapo.

"Fundi, hii inakwenda wapi?"

"Inakokwenda."

"Hapo ni uzio!"

"Muulize mama yako."

Mama alikuwa amejifungia ndani. Nilipopita pembeni ya banda nikaona minyaa imesogezwa na kufungwa kwa kamba, tundu la kutosha mtu mwembamba anayejua anachofanya. Ajuza hawa wawili walikuwa wanatembeleana kila alasiri, wanakunywa chai, wanasengenya wote tuliokuwa tunawahurumia. Walikuwa hawataki kupatana mbele ya watu kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaapa. Fundi akaita kwa sauti yake ile tofali la mwisho likakanyagwe. Mama hakutoka. Aliyetoka ni jirani, kupitia tundu, akiwa na kikombe chetu cha chai mkononi. Hapo mama naye akatoka mbio kumwambia arudishe kikombe, na wakajikuta wote wawili wamesimama juu ya tofali mbele yangu. Fundi alikula sahani mbili siku hiyo.

Nilimwambia alikuwa hana haki. Nilimwambia kwa ukali, kama ninavyowaambia watoto wa darasa la saba. Alitafuna kwanza, akameza.

"Hili sikulipeleka harusini," akasema. "Nimeweka tofali tu. Nimejifunza kidogo, mwalimu, usinimalize."

Nilimwonea huruma, na sikupenda kumwonea huruma, kwa sababu mtu wa namna ile ukimwonea huruma atakwambia kibaraza chako kibaya.

Masika iliyopita tofali moja pale kwa mama lilititia, la kwanza katika miaka yote. Nikaenda kwa Fundi nikiwa na furaha isiyo ya Kikristo, nimeshapanga nitakavyomtania. Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, goti la kushoto limevimba, limefungwa kitambaa chenye dawa. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha, kisha ikakatika tangu juzi, na ua ulikuwa haujafagiliwa.

Nimesema mimi ni mwalimu. Kusoma ndiyo kazi yangu. Alama za mabuti yake zilitoka mlangoni pale, la kushoto likiburuzwa, tundu la fimbo pembeni, zikapanda moja kwa moja mpaka kwenye kipenyo cha minyaa. Pale kwenye kipenyo udongo ulikuwa umekanyagwakanyagwa, mtu amesimama muda mrefu akibadilisha mguu. Halafu zikageuka na kurudi. Juu ya hizo zilikuwepo nyingine, za jana, na nyingine. Hakuna hata hatua moja iliyovuka.

Kumbe ndicho alichokuwa anafagia.

Nilipanda mpaka kipenyoni, yeye akiniita nyuma, "Mwalimu! Rudi! Kuna utelezi huko!" Nikachungulia upande wa pili. Kulikuwa na alama za kandambili ndogo, zinakuja, zinasimama, zinarudi. Kumbe upande ule hakuna aliyekuwa anafagia.

Nilirudi nikavua viatu vyangu vya shule.

"Pevingi zako bado ziko nyuma?"

"Usiguse pevingi zangu."

"Nakuuliza ziko nyuma au haziko?"

Tulikuwa likizo, sikuwa na pa kwenda. Siku ile nilichimba, kesho yake nikashindilia changarawe, na iliyofuata nikaanza kupanga matofali, mawili kwa mawili, njia nyembamba tu, kufuata alama za mabuti. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya pili alisema, "Kama lazima uharibu, basi weka mteremko." Baada ya hapo hakunyamaza. Uzi wangu ulikuwa umelegea, mchanga wangu ulikuwa mzito, wanafunzi wangu aliwahurumia. Aligonga kigoda kwa fimbo kila nilipokosea, na nilikosea sana. Kutoka upande wa pili wa minyaa, tangu asubuhi mpaka jioni, sikusikia kitu chochote, hata kuku, na nyumba yenye watu haiwi kimya namna ile.

Nilifika kwenye kipenyo. Likabaki tundu moja. Fundi alikuwa amejikokota mpaka pale na kigoda chake, ameketi, goti limenyooshwa mbele.

"Haya," nikasema. "Ita."

"Ita wewe. Kazi ni yako."

"Mimi si fundi. Na mila si yangu."

Alilitazama tofali nililolishika. Alilifungua koti, akalifunga. Nimemwona mtu huyu akipaza sauti mpaka pikipiki zinapunguza mwendo, lakini iliyotoka pale ilikuwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Mama mwenye nyumba. Njoo, tofali lako."

"Mimi si mteja wako," ikajibu minyaa, hapohapo, karibu kiasi kwamba mimi niliruka. Alikuwa amesimama pale muda wote.

"Najua," Fundi akasema. "Najua wewe si mteja. Nilikufanya kichekesho mbele za watu. Lile la maziwa. Nilikosea." Nilidhani ameishia hapo, na kwake hayo tayari yalikuwa safari ndefu. "Samahani. Na shemeji aje tu, aje achukue maziwa mlangoni kama mtu."

Mkono ukatoka kwenye kipenyo, umenyooshwa, kiganja juu. Nikampa tofali. Akainama, mama mfupi mwenye kilemba cha sufu, akaliweka kwenye tundu akiwa bado upande wake, akapiga vumbi mikononi, akainua mguu mmoja wa kandambili na kulikanyaga.

"Linacheza," akasema.

Lilikuwa halichezi. Nililigonga mwenyewe tangu asubuhi kwa majaribio, nalijua. Fundi naye alijua, maana aliyasikiliza matofali yote yakigongwa, kutoka kwenye kigoda chake. Nikaona jicho lake linarudi, lile la utundu wake wa zamani.

"Huwezi kulipima ukiwa huko," akasema. "Mguu mmoja haupimi. Vuka huku, ukanyage kwa yote miwili."

Akavuka. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, mikono kiunoni, akatazama njia nzima mpaka mlangoni, akauliza ni nani aliyeipindisha hivyo. Fundi akaninyooshea fimbo bila kusita. Nilichukua viatu vyangu. Nilipokuwa nateremka barabarani nilisikia mlango wa jiko lao ukifunguliwa, halafu sauti ya mama, kali, ikiuliza nani amekuwa anapikia nini kwenye sufuria zake.